Subaru ya turbo mpakani: poza kwanza, kasi baadaye

Gari la turbo halisumbui barabara ikiwa wazi. Kati ya Bungoma na Malaba, au kati ya Kisumu na Busia, upepo unaingia kwa wingi mbele ya gari na sindano ya joto inatulia mahali pake. Shida huanza pale malori yanapojipanga kukaribia lango la mpaka. Gari linasogea kidogo, linasimama, linasogea tena. Kiyoyozi kinavuma, jua la saa saba liko juu ya boneti, na injini iliyokuwa ikipozwa na upepo sasa inategemea feni za umeme peke yake. Subaru ikiwa na kasoro ndogo kwenye mfumo wa maji, huchemsha papo hapo, na mwenyewe hupoteza siku nzima ya soko.

Makala haya ni ya mfanyabiashara ambaye gari lake la kasi ndilo gari lake la kazi. Wako wengi: mwenye Impreza WRX anayepeleka sampuli za nguo Tororo, mwenye Forester ya turbo anayefuata malipo Mbale asubuhi na kurudi Busia jioni, mwenye Legacy anayekwenda Nairobi mara moja kwa wiki. Magari haya yanapendwa kwa sababu za haki. Yanavuta kwa magurudumu yote manne tope likizidi, buti lake lina nafasi, na spea zake zinapatikana pande zote mbili za mpaka.

Lakini mtu akishapata faida kidogo, hamu ya kwanza huwa kuongeza mngurumo na nguvu: ekzosi pana, turbo iliyoongezwa presha, magurudumu makubwa. Mpangilio huo ni hatari kwa gari linalovuka mpaka kila siku. Shilingi ya kwanza iende kwenye kupoza injini. Ya pili iende kwenye breki na tairi. Ikibaki ya tatu, ndipo tuzungumze kuhusu kasi.

Funzo la boda boda

Watu wa Busia hawahitaji kufundishwa namna ya kuboresha chombo kwa kiasi. Boda boda ilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha watu na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi kile cha Uganda. Baiskeli ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mwenyewe aliongeza mto kwenye keria ili abiria akae vizuri, basi kazi ikaanza. Nyongeza ilitokana na kazi ambayo chombo kilitakiwa kufanya, na leo jina la boda boda linatumika Afrika Mashariki nzima.

Subaru nayo ipimwe hivyo. Kabla ya kununua kifaa chochote, jiulize: kitanisaidia kwenye foleni, kwenye mlima wa Timboroa, au kwenye murram wakati wa mvua? Kama jibu ni kwamba kitasikika vizuri tu, fedha hiyo bado ina kazi dukani.

Kwa nini maji huchemka

Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzijoto 100 kwenye usawa wa bahari, kama Mombasa. Busia iko takriban mita 1,200 juu ya usawa huo, na hapa maji hayo huchemka karibu na nyuzijoto 96. Ukipanda hadi Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru na Eldoret, unapita mita 2,700, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 91 hivi. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kati ya nyuzijoto 85 na 100. Maana yake ni kwamba bila msaada, maji ya rejeta yangechemka njiani kila safari ya Nairobi.

Msaada huo unatoka kwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: kifuniko cha rejeta. Springi yake hubana mvuke na kuongeza presha ndani ya mfumo, na presha ikipanda, maji huchelewa kuchemka. Kifuniko kilichoandikwa 1.1 huongeza takriban nyuzijoto 20. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, msaada wote unapotea, hata kama rejeta ni mpya na kulanti ni ya bei ghali. Baadhi ya Subaru za turbo zina vifuniko viwili, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo karibu na injini. Vina presha tofauti, kwa hiyo fundi asivibadilishane.

Anza na vitu vidogo

Usinunue kitu kabla ya kusafisha. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi, na kati ya vitu hivyo viwili hukusanyika vumbi la murram, wadudu na nyasi. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, tope nalo huingia humo na kukauka. Mwambie fundi apige maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Presha kubwa ya kuoshea malori hukunja mapezi membamba ya rejeta na kuziba njia ya hewa.

Kisha kagua feni. Gari likiwa limesimama, washa kiyoyozi: kwenye Subaru nyingi feni mbili zinapaswa kuzunguka. Ikizunguka moja tu, umepata sababu ya kuchemsha kwenye foleni. Mara nyingi kosa liko kwenye fyuzi, rilei au mota iliyochoka, na kulirekebisha ni nafuu kuliko kununua rejeta. Hakikisha pia kava ya plastiki inayozunguka feni ipo. Wengine huitoa ili wapate nafasi ya kushika spana. Bila kava hiyo, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Plastiki ya chini ya injini nayo ina kazi ya kuelekeza hewa. Ikivunjwa na matuta, irudishwe.

Thamostati isitolewe. Ni desturi ya gereji nyingi za kwetu: gari likichemsha, thamostati inatupwa na mteja anaambiwa gari sasa litakuwa baridi. Kwa siku chache huonekana kweli. Baadaye injini hukawia kupata joto lake, inakunywa petroli zaidi, mafuta ya injini hayakauki unyevu, na chanzo halisi cha kuchemsha kinabaki palepale. Kwenye injini hizi za Subaru thamostati imewekwa upande ambao maji yaliyopozwa yanaingilia injini, na mtengenezaji alipanga mzunguko mzima kwa kuitegemea. Weka mpya yenye nyuzijoto zilezile za kiwandani.

Kulanti itumike mwaka mzima. Mtu husema kwetu hakuna barafu, ya nini kulanti? Kazi yake hapa ni kuzuia kutu ndani ya injini ya alumini, kulinda pampu ya maji, na kupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzijoto kadhaa. Maji ya kisima yana chumvi na chokaa zinazoganda ndani ya mirija membamba ya rejeta. Changanya nusu kulanti na nusu maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Angalia usipewe asidi ya betri, maana chupa zake hufanana. Usichanganye kulanti mbili kwa kuwa rangi zinafanana tu. Rangi haisemi kilichomo.

Mwisho wa hatua hii ni kutoa hewa. Injini ya Subaru imelala ubavu kwa ubavu, na hewa hujificha ndani yake kwa urahisi. Gari lisimame pua ikiwa juu kidogo, hita iwekwe kwenye joto, maji yaongezwe polepole, na injini iachwe ingurume hadi feni iwake na kuzima zaidi ya mara moja. Fundi anayejaza maji kwa dakika tano na kukukabidhi ufunguo hajamaliza kazi.

Wakati huohuo, nunua macho. Sindano ya kiwandani imetengenezwa ikae katikati hata joto likibadilika kwa nyuzijoto nyingi, na inapoanza kupanda, muda umekwisha. Kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani husoma joto halisi na kulionyesha kwenye simu. Kwa gari lisilokubali kifaa hicho, weka geji ya joto la maji. Ukishajua kwamba gari lako hukaa kwenye 92 barabarani na 98 kwenye foleni, siku likionyesha 104 utaligundua tatizo kabla ya mvuke kutoka.

Rejeta kubwa: lini?

Baada ya hayo yote, magari mengi hutulia. Kama lako bado linapanda, pima kabla ya kulipa. Mwombe fundi apitishe kipima joto cha mwanga juu ya rejeta injini ikiwa moto. Sehemu zilizo baridi kuliko jirani zake zimeziba. Tazama pia vichwa vya plastiki vya juu na chini. Vikigeuka rangi ya kahawia na kuwa na nyufa nyembamba, rejeta imezeeka na itapasuka siku usiyoitarajia.

Hapo ndipo rejeta ya alumini tupu, nene kidogo kuliko ya kiwandani, inakuwa nyongeza yenye maana. Haina plastiki ya kupasuka na hubeba maji zaidi. Lakini pima nafasi kwanza: ikiwa nene mno, feni hazitaenea au zitagusana na injini. Badilisha mipira ya maji na klipu zake siku hiyohiyo, kwa sababu mpira wa zamani kwenye rejeta mpya ndio utakaofuata kupasuka.

Kipoza mafuta cha nje hakihitajiki kwa kazi ya kila siku. WRX nyingi tayari zina kipoza mafuta kidogo karibu na filta, kinachotumia maji ya injini. Kuongeza cha pili ni kuongeza mipira na maungio, na kila ungio linaweza kuvuja. Mafuta yakivuja yote katikati ya Bugiri na Iganga, injini inakwenda nayo. Badilisha mafuta mapema badala yake, hasa kama gari linashinda kwenye foleni, kwa kuwa saa za kunguruma bila kutembea hazihesabiwi kwenye kilomita za dashibodi.

Na ikiwa maji yanapungua bila kuvuja nje, au mapovu yanatoka mfululizo kwenye tangi la akiba, acha kununua vifaa. Huenda gasketi ya silinda hedi imekufa. Kuna kipimo cha dawa ya buluu kinachogeuka manjano gesi ya injini ikiingia kwenye maji. Dai kipimo hicho kabla ya kukubali injini ifunguliwe.

Breki na tairi

Joto halikai kwenye injini peke yake. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kwa viwango vya kimataifa, mafuta mapya ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Teremka kutoka Timboroa ukiwa na mzigo na mafuta ya breki ya miaka mitano, na pedali inaweza kuzama hadi sakafuni. Kubadilisha mafuta hayo kila miaka miwili na kuweka pedi za ubora wa kati ni uboreshaji ambao hakuna atakayeuona, ila wewe utakuwa hai.

Tairi zina tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Tairi za mitumba zinazong'aa kwa rangi nyeusi zinaweza kuwa na miaka kumi. Kwa upande wa shoki, weka mpya za urefu wa kiwandani. Gari lililoshushwa hugusa kila tuta, na likigusa huvunja ile plastiki ya chini inayosaidia kupoza.

Kasi yenyewe

Subaru Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Picha za magari yale bado zinauza Subaru hadi leo. Zitazame vizuri. Utaona bampa la chuma mbele na mrija wa hewa uliopandishwa juu ili injini isinywe maji kwenye mito. Ili kushinda Kenya, timu ilijenga kwanza gari litakalofika. Nayo ilikuwa na mafundi waliongoja njiani wakiwa na spea. Mfanyabiashara hana anayemngoja Webuye.

Kuna jambo jingine la mafuta. WRX zilizotoka Japan zilipangiwa petroli ya daraja la juu ya huko, yenye oktani inayokaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiongeza presha ya turbo juu ya petroli hiyo, mchanganyiko huweza kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Utasikia kama kokoto zinatikiswa, na joto linapanda haraka kuliko rejeta yoyote inavyoweza kuliondoa. Ekzosi pana kwenye gari la turbo nayo huweza kuinua presha yenyewe bila kuulizwa. Kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi, usiweke kifaa hata kimoja bila fundi wa kompyuta kupanga upya injini kwa petroli unayonunua kweli. Kama huna fundi huyo, plagi mpya, filta safi na mipira ya turbo isiyovuja itakurudishia nguvu ulizodhani zimeisha.

Spea na karatasi

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018, maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Hiyo imerahisisha safari, lakini haijafuta ukaguzi. Ukibadilisha injini nzima, namba yake lazima iandikwe upya kwenye logibuku kabla ya kuvuka. Gari lenye injini isiyolingana na karatasi zake linaweza kuzuiwa, na siku za kuzuiwa ni za hasara yako. Rejeta, feni na breki hazikuletei swali hilo. Hakikisha pia kibali cha muda cha gari na Kadi ya Njano ya COMESA ya bima havijaisha.

Unaponunua spea ng'ambo, iwe Kisekka mjini Kampala au Kirinyaga Road mjini Nairobi, kumbuka kwamba cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. Rejeta ya mtumba kutoka Japan haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kuuzwa Kampala. Itangaze, uliza ushuru wake, na uweke kiasi hicho kwenye hesabu kabla ya kusema umepata bei nafuu.

Sindano ikipanda kwenye foleni

Zima kiyoyozi. Washa hita hadi mwisho na ufungue madirisha. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Ikiendelea kupanda, toka kwenye foleni na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto, kwa sababu maji yaliyobanwa na presha hugeuka mvuke ghafla na kuunguza uso na mikono. Ngoja hadi mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Usimwage maji baridi juu ya injini. Na kila unapotoka mbio na kusimama, iache turbo ingurume dakika moja kabla ya kuzima, ili mafuta na maji yaondoe joto lake.

Andika hesabu moja nyuma ya daftari lako la biashara: siku moja ya soko ikikosekana, unapoteza kiasi gani? Weka kando yake bei ya kifuniko kipya, thamostati, kulanti na mafuta ya breki, kama utakavyotajiwa na mafundi wawili, mmoja Busia na mmoja Tororo. Kwa wengi, orodha hiyo yote itakuwa ndogo kuliko siku hiyo moja. Anza nayo wiki hii, kabla ya jua la Januari.